Waipa ya Pikapu ya Ndiema

Kibomet, Kitale
Jumapili alasiri

Mama Nafula, mke wangu,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha uwasalimie wote walio karibu nawe unaposoma, ila usiwasomee. Goti la mama yangu linaendeleaje na baridi hii? Simiyu wetu bado anakohoa akikimbia, au yale majani uliyomchemshia yalimsaidia? Na mahindi ya shamba la chini mmeshavuna, au ng'ombe wa jirani wamewatangulia? Mimi ni mzima. Mgongo huniuma jioni, asubuhi hunisamehe, na hivyo ndivyo tunavyoishi, mimi na huo mgongo.

Utashangaa kupata karatasi wakati kuna simu. Lakini simu yako siku hizi ni kipaza sauti tu, nikisema neno moja jikoni kote wanasikia, na nina habari inayomhusu mama yako mzazi. Sitaki mama yangu aisikie akichambua maharagwe, halafu iwe hadithi ya kanisa zima. Barua hii nampa Ndiema, dereva wa pikapu, anayeshuka Bungoma Jumanne kuchukua mabati. Atakuletea hadi mlangoni. Mpe chai, na kama kuna mahali nimeongeza chumvi, yeye atakuambia, maana alikuwapo.

Majuma kadhaa yaliyopita uliniuliza swali, nami nikajifanya mtandao umepotea. Haukupotea. Uliniuliza kama Januari mtanifuata Kitale au nirudi nyumbani tulime, kwa sababu mwalimu mkuu anataka kujua kama Nafula atahama shule. Nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na jibu, na sikutaka kukupa uongo ukaukalia. Sasa ninalo, lakini siwezi kukupa likiwa tupu. Soma kwanza lilikotoka.

Unajua kazi yangu hapa kwa Fundi Hamisi. Watu wa nyumbani wanasema mimi ni fundi wa magari, na sijawahi kuwakatalia. Ukweli ni kwamba mimi ni mtu wa ndoo. Ninaosha injini, ninabeba gia boksi, ninalala chini ya lori kumshikia taa mtu mwingine anayefungua nati. Shule niliiachia kidato cha pili, cheti sina, na mafundi wa hapa hawamwiti mtu fundi kwa sababu ana mikono michafu. Kila mwaka najiambia mwaka ujao nitasogea. Mwaka unakuja, ninasogeza ndoo.

Jibu lenyewe limetoka kwenye waipa, kile kifuta mvua cha gari. Najua umeiona tu ikicheza kwenye kioo, kwa hivyo acha nikueleze. Kinachofuta maji ni ulimi wa mpira. Ulimi huo ni mlegevu, hauwezi kujishika, na kioo cha gari hakijanyooka, kimepinda kama shavu. Kwa hiyo watu wa kiwandani wameuwekea mifupa: daraja moja kubwa la chuma, chini yake madaraja mengine madogo, na chini ya hayo vidole vya kuubana mpira. Kila linapokutana daraja na daraja pana pini. Gari likiwa jipya hakuna shida. Lakini gari la kupanda mlima hadi Kapsokwony, linalolala nje, linalokula vumbi mwezi huu na tope mwezi ujao, pini zake hushikwa na kutu. Daraja moja likikataa kucheza, mpira unainuka upande mmoja, na dereva anabaki na maji mbele ya macho yake.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiitupa mifupa hiyo. Kila nikiitupa nilikuwa najiuliza: pini zote hizi za nini, wakati kazi yenyewe ni moja tu, kupinda na kurudi? Kwa nini pasiwe na uti mmoja wa mgongo?

Karibu na gereji kuna mahali pa kupasua mbao. Msumeno wao ni mkanda mrefu wa chuma unaozunguka, na ukikatika wanautupa nyuma, kwenye maranda. Chuma hicho ukikipinda kinarudi. Ukikipinda tena kinarudi tena. Nikaomba kipande, nikasaga meno yake kwa grinda mpaka kikawa laini kama rula ya shule. Cha kwanza nilikitia motoni ili kikubali kupinda, nacho kikakubali kabisa, kikalala kama ugali wa jana, hakikurudi tena. Cha pili nikakipinda kikiwa baridi, kwa kukizungusha kwenye rimu ya gurudumu kidogo kidogo, siku tatu, saa ya chakula cha mchana wakati wenzangu wanakula. Nikakata vishikizo vya bati, nikauvika mpira juu yake, katikati nikapigilia kipande cha kushikana na mkono wa waipa. Basi. Ukanda mmoja, mpira mmoja, hakuna pini ya kushika kutu, na nikaifanyia pacha, maana gari lina waipa mbili.

Wenzangu walicheka. Mmoja akasema ati Wekesa anatengeneza upinde wa kuwindia panya. Mwingine akaniuliza kama mshale nitauchonga wa chuma pia. Lakini Fundi Hamisi, ambaye hutoka msikitini Ijumaa akiwa mpole kuliko siku nyingine, aliigeuzageuza ile waipa mkononi, akaitia kwenye pikapu ya Ndiema iliyokuwa hapo inabadilishwa oili, akamwaga ndoo ya maji juu ya kioo. Ikafuta. Akamwaga nyingine. Ikafuta.

"Gari lililosimama halina shida," akasema. "Nenda nayo Kapsokwony kwa mvua. Ukienda na kurudi bila kuibadilisha, ile meza ya pembeni ni yako, na jiriwa yake ya kubania chuma. Na zile vyumba mbili za nyuma, ulete watu wako. Ikikataa, urudi kwa ndoo yako, na sitaki kuona upinde hapa tena."

"Na zile waipa za zamani?"

"Beba. Sitaki kumzika Ndiema kwa sababu ya mchezo wako."

Hapo ndipo jibu lako lilipokuwa, Nekesa mke wangu. Nilijiambia moyoni kwamba ikishindwa, Desemba narudi nyumbani na sirudi tena huku. Nisingeweza kuosha injini mwaka mwingine huku wewe ukilima peke yako na Simiyu akiniita mjomba kwenye simu. Ulicheka siku ile. Mimi sikucheka.

Tukaondoka asubuhi ya siku ya soko la Kimilili. Kiminini kukavu, Kamukuywa kukavu, mimi nimekaa mbele na daftari mapajani kama mwalimu wa mtihani. Tulipofika Kimilili, Ndiema alishuka kushusha magunia ya chakula cha kuku. Wingu lilikuwa limeshakaa mlimani, na mimi nafurahia wingu kama mtu mwenye kiangazi shambani. Ndipo nikamsikia Ndiema nyuma ya gari.

"Mama, panda tu. Ingia mbele, hiyo mvua haikosi."

Nikaangalia kwenye kioo cha pembeni. Niliona nyungo kwanza, tano au sita zimefungwa pamoja kichwani, halafu leso ya bluu mabegani, halafu ule mwendo wa kutembea kama anayehesabu mawe. Mama yako.

Wewe unajua, na Ndiema hakujua, kwamba kwa mila yetu mkwe hakutani uso kwa uso na mama mkwe, na tangu nikuoe sijawahi kukaa chumba kimoja na mama yako, seuze kiti kimoja cha pikapu, goti kwa goti, gia katikati. Nilitoka kwa mlango wa dereva. Nikiruka ule usukani, kiwiko kikabonyeza honi, na honi ya Ndiema ikibonyezwa haiachi upesi. Soko lote liligeuka. Nikaenda kusimama nyuma ya banda la muuza viatu, nikashika kiatu kimoja nikajifanya nauliza kama kuna namba yangu.

Ndiema akanifuata. "Wewe unaenda wapi? Si ulisema unaangalia waipa?"

"Yule ni mama mkwe."

"Ya nani?"

"Yangu mimi, bana."

Aliangalia gari, akaniangalia, akaangalia kiatu mkononi mwangu. Kilikuwa cha mwanamke. "Na mimi nishamwambia aingie mbele. Nimtoe?"

"Usimtoe. Mimi nitakaa nyuma."

"Nyuma kuna simiti na mvua inakuja."

"Wacha ikuje."

Nikapanda nyuma nikizungukia upande ambao hangeniona, nikajipenyeza chini ya turubai. Lakini turubai ni ya simiti, Mama Nafula. Simiti ikilowa ni hasara, mtu akilowa anakauka. Kwa hiyo nilishikilia pembe za turubai zisipeperuke, kichwa ndani, miguu nje.

Mvua ilianza baada tu ya kuacha Kimilili, barabara inapoanza kuinuka. Haikuwa mvua kubwa. Ilikuwa ile ya mlimani, nyembamba, imechanganyika na ukungu, inayokaa kwenye nyusi. Nilisikia waipa yangu ikianza kazi, fyap, fyap, na nikakaa pale juu ya simiti nikitabasamu peke yangu kama mwehu. Sikuweza kuona chochote. Kuna kidirisha nyuma ya dereva, lakini ukichungulia hapo unaona kisogo cha mama yako, na mimi sikutaka kuongeza kosa juu ya kosa.

Kwenye ile kona ya kupanda, upande wa kushoto ni bonde na vitunguu vya watu viko chini huko kama viraka, gari likapunguza mwendo. Likasimama. Likasogea tena hatua mbili, likasimama kabisa. Ndiema akashuka, akaja nyuma. Uso wake haukuwa wa utani.

"Wekesa, sioni."

"Huoni nini?"

"Barabara. Huku katikati inafuta, huko mwisho inafuta, hapa kati ya hizo mbili maji inabaki. Na hapo ndio macho yangu inakaa."

Nikamwambia nataka kuona mwenyewe. Nikashuka, nikapiga hatua mbili, nikakumbuka. Ukitaka kuiangalia waipa sawasawa lazima usimame mbele ya kioo, na nyuma ya kioo ameketi mama yako, ananitazama. Kioo ni kioo, hakifichi. Nikarudi nyuma ya gari. Tukasimama hapo mimi na Ndiema, mvua inatunyeshea, kazi yangu yote iko mita tatu kutoka kwangu na siwezi kuiendea.

Ndipo mama yako, ambaye Ndiema alikuwa amemsimulia waipa yangu njiani, akasema kutoka ndani, bila kugeuka, dirisha likiwa wazi kidogo. "Ndiema."

"Naam, mama."

"Huyo mtu wa huko nyuma, hicho chuma alikata upana mmoja?"

Ndiema akaniangalia. "Anauliza kama ulikata upana mmoja."

"Nimesikia. Mwambie ndiyo, upana mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho."

"Mama, anasema upana mmoja."

"Ndio maana. Mimi nimeangalia hiyo kitu tangu mvua ianze. Ncha zake zinasukuma kioo kwa nguvu, kwa hivyo tumbo la kila upande linainuka. Mwambie ufito wa ungo haukatwi hivyo. Katikati unaacha nguvu, halafu unapunguza, unapunguza, mpaka ncha inakuwa kama ulimi wa mtoto. Ukiacha ncha nene, ungo unainua tumbo na mtama unamwagika."

"Umesikia?" Ndiema akaniuliza.

"Nimesikia."

"Amesikia, mama."

Halafu mkono ukatoka dirishani, mkono tu, umeshika ufito mmoja wa mwanzi aliouchomoa kwenye mzigo wake. "Mpe hii akapapase kwa vidole. Asiangalie kwa macho, macho yanadanganya." Ndiema akauchukua akaniletea. Nikafumba macho palepale barabarani, nikaupapasa kutoka katikati kwenda nje. Unapungua taratibu mno, hujui ni wapi ulipoanza kupungua. Mwanamke huyu hakukaa hata siku moja kwenye darasa la fizikia, na mimi nilikaa miaka miwili.

"Kwani mama unamjua huyo mtu?" Ndiema akauliza, na nadhani alikuwa anataka kucheka.

"Nilimjua alipokimbia. Kimilili nzima hakuna mtu anakimbia mwanamke mzee, isipokuwa mkwe wake."

Ikabidi tubadilishe waipa, turudishe zile za zamani, na kubadilisha ni mbele. Mama yako akajifunika leso uso mzima, mimi nikaenda nimeinamisha kichwa, nikafungua kwa kupapasa. Tukafika Kapsokwony hivyo, na mifupa yenye kutu, polepole, Ndiema akitoa kichwa nje kila kona.

Wakati wa kurudi Ndiema alikuwa mkarimu, na ndiyo sababu nakwambia umpe chai. Tulipokaribia Kitale akasimamisha gari kando. "Rudisha hizo zako," akasema. "Hapa ni kukavu. Nitamwambia Hamisi ilienda ikarudi. Nani atajua?"

Nakwambia ukweli, nilizichukua mkononi. Niliona ile meza. Niliona vile vyumba viwili na wewe mlangoni. Halafu nikafikiria mtu mwingine anapanda ile kona na waipa yangu, amenunua akijua ni nzuri kwa sababu Hamisi amesema, na pembeni yake ameketi mama wa mtu. Nikaziweka sakafuni.

Fundi Hamisi alituona tukiingia na waipa za zamani. Hakuhitaji kuuliza, lakini aliuliza.

"Imekataa?"

"Imekataa. Inaacha maji kati ya katikati na ncha. Hapa haikuonekana kwa sababu ulimwaga ndoo, na maji mengi yanateremka yenyewe. Maji kidogo ndiyo yanashikilia kioo."

"Nani amekwambia hiyo?"

Ndiema ndiye aliyesema. Alisimulia yote, na kiatu cha mwanamke akakiongeza urefu wa kisigino. Gereji ilicheka mpaka mtu akaangusha spana kwenye shimo. Mimi nilikuwa nimeshaichukua ndoo yangu. Nilikuwa najua ninachokwenda kukuambia kwenye simu, nilikuwa natafuta tu namna ya kukianza.

Hamisi peke yake hakucheka. Alichukua ule ufito wa mwanzi, akaupapasa kama mimi, akiwa amefumba macho kama mimi. "Sema tena huyo mama alisemaje kuhusu ncha," akaniambia. Nikamwambia. Akasema, "Hiyo siyo kushindwa kwako peke yako. Mimi ndiye nilimwaga ndoo." Akanipa mpaka siku ya soko inayofuata. Alisema hataongeza siku nyingine baada ya hiyo, na sikumwomba.

Chuma si mwanzi. Unene wake siwezi kuupunguza sawasawa kwa grinda, kitapata moto kife. Lakini upana naweza. Nikakikata kipana katikati na kukipunguza kwenda nje, pande zote mbili, nikisaga kidogo na kukitumbukiza kwenye maji, nikisaga na kutumbukiza, nikilinganisha na ufito wa mama yako kila mara. Tatu niliziharibu. Ya nne ilipinda mkononi kama kitu kilicho hai, nikaikatia na pacha wake. Sikumwaga ndoo. Nilikwenda kwa kinyozi wa jirani nikaazima chupa yake ya kunyunyizia vichwa vya wateja, nikanyunyiza kioo kama umande. Ikafuta. Nikanyunyiza upande mwingine. Ikafuta pia, ila mahali pamoja ililia, ngwii, kama mlango.

"Sasa nani atapima?" Hamisi akauliza. "Wewe utasema nzuri kwa sababu ni yako. Ndiema atasema nzuri kwa sababu ni rafiki."

"Kuna mama ako na macho," Ndiema akasema.

"Basi yule aliyeona kosa ndiye apime."

Siku ya soko tukamkuta Kimilili amekaa juu ya gunia lake anasubiri, kwa maana Ndiema alimtumia habari kwa watu wa vitunguu. Safari hii sikukimbia, nilikuwa nyuma tangu Kitale. Mvua ilitupata palepale. Nakwambia hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizowahi kusafiri, na si mbali. Nilikaa juu ya simiti nikisikiliza. Fyap, fyap, ngwii. Fyap, fyap, ngwii. Tulipofika kwenye ile kona nikashika ubao wa pikapu kwa mikono miwili nikingoja gari lipunguze. Halikupunguza. Liliipita kona kama linalopita duka ambalo halina shida nalo. Halafu kona ya juu yake. Halafu ile ya kanisani. Mwishowe likasimama, nami nikasikia mlango ukifunguliwa, na kuku, na nikajua tuko langoni kwa mama yako.

Nilijifunika turubai. Mama yako alishuka, akapanga nyungo zake kichwani bila haraka, halafu akaongea na Ndiema kwa sauti ambayo hata mtu wa bonde la pili angesikia.

"Ndiema, mwambie huyo mtu nimeona barabara kutoka Kimilili mpaka mlango wangu. Jiwe, shimo, mbuzi wa watu, zote nimeona."

"Lakini inalia, mama," Ndiema akasema. Nilitaka kumpiga.

"Kulia si neno. Hata mtoto analia akioshwa uso. Si anatoka safi?"

Akapiga hatua, nikasikia miguu yake kwenye tope. Halafu ikasimama.

"Na umwambie tena. Binti yangu si ungo wa kutundikwa ukutani ungoje mavuno. Ungo ni wa kutumika. Kama ana mahali, amchukue. Kama hana, arudi kwake. Hiyo ya katikati, ya kuinua tumbo, mimi sitaki."

Nilingoja mlango wake ufungwe, ndipo nikafunua turubai.

Tukarudi Kitale na waipa ileile, mvua ikitusindikiza mpaka Kiminini. Hamisi alizunguka gari mara moja. Hakusema pongezi, si mtu wa hivyo. Alikwenda kwenye meza ya pembeni, akaanza kuondoa mikebe yake ya misumari na skrubu, mmoja mmoja, akiipeleka kwenye rafu. Nikataka kumsaidia, akasema, "Simama hapo, hii meza naitoa mimi mwenyewe." Ndoo yangu mtu mwingine ameshaichukua. Yule aliyesema upinde wa panya ameomba nimtengenezee mbili za lori la kaka yake, linalobeba mahindi ya Suam, na nimezitengeneza.

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu, na nimelikata pande zote mbili ili usiseme nilikuficha. Vyumba ni viwili, sakafu ni ya simiti, paa linavuja upande wa mlango na nitaliziba kabla ya Krismasi. Bomba la maji liko uani, tunatumia na majirani wawili. Grinda inalia kuanzia asubuhi, na nguo zitanuka oili, hata za watoto. Shule iko karibu, Nafula atakwenda kwa miguu bila kuvuka lami. Marafiki zako hawatakuwa hapa, na mama yangu atabaki na kaka, jambo ambalo najua litakuuma kuliko mimi. Na mimi si tajiri, ni mtu mwenye meza. Lakini mahali ninapo. Nataka mje Januari. Sikuamrishi, nakuuliza, na safari hii nikiona simu yako sitasema mtandao umepotea.

Msalimie sana mama, mwambie mgongo wangu unamuulizia goti lake. Msalimie kaka yangu mkubwa, namshukuru kwa kuangalia ng'ombe kana kwamba ni wake. Shangazi wa kule mtoni, anayeniombea kila Jumapili, mwambie maombi yamefika. Binamu mwenye kisiagi cha kusagia mahindi asalimiwe, na mwalimu mkuu mwambie asubiri neno lako, si langu. Nafula mpe mkono. Simiyu mwambie baba anamsalimu, umrudilie hilo neno mara mbili: baba. Mama yako sitamtumia salamu, unajua siwezi, lakini ukienda kumwona mpelekee sukari na usiseme imetoka kwa nani.

Nyuma ya vyumba kuna kipande cha ardhi, urefu wa pikapu mbili. Jirani ameniuliza mara mbili kama apande sukuma wiki. Nimemkatalia. Nimekitoa magugu na kukilima, na sijapanda kitu, kwa sababu sijui wewe ungetaka nini hapo.

Wako katika mvua na jua,

Wekesa, baba Nafula